Flashi haisomi? Tafuta jina limekatikia wapi kabla ya kufomati

Kaa nusu saa kwenye steshenari yoyote ya Mwanga, hapa Kigoma, utasikia mtu akisema, "Fundi, flashi yangu haisomi." Anaweza kuwa mwalimu aliyeshuka na gari la Kasulu akiwa na mitihani ya kuchapa, mpiga video za harusi mwenye eksteno (diski ya nje) iliyojaa, au kijana wa kuuza nyimbo anayetaka kuwahi boti Kibirizi. Majibu anayopewa huwa mawili: "tufomati" au "ngoja tushushe draiva". La kwanza linafuta kazi ya mtu. La pili linaijaza kompyuta takataka, maana draiva ya flashi, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa, imo ndani ya Windows yenyewe tangu Windows 2000 na Windows Me. Iliyokuwa ikidai sidii ya draiva kwa kila flashi ni Windows 98, na desturi ile ilipaswa kufa nayo.

Diski ya kuchomoa hupita mikono mingi kabla hujaiona kwenye skrini. Poti ya USB ina draiva yake, na hiyo ndiyo ya kwanza kujua kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ikigundua kuwa ni kifaa cha kuhifadhi, inakikabidhi kwa draiva iitwayo USBSTOR, au UASPStor kwa eksteno za kasi kuanzia Windows 8. Hapo kifaa kinapata jina refu lenye kampuni, aina na namba yake ya utambulisho. Baadaye draiva ya diski inakipa namba: Disk 1, Disk 2. Zinafuata patisheni (vipande ambavyo diski imegawanywa), kisha mfumo wa mafaili (mpangilio wa mafaili ndani ya kipande), na mwisho kabisa ndipo inapobandikwa herufi kama E: au F:. Mteja huiona herufi tu. Ikikosekana anasema flashi imekufa, kumbe imekwama hatua ya mwisho.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kujua safari ya majina hayo imekatikia wapi. Madirisha mawili yanatosha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, upate Device Manager. Rudia, andika diskmgmt.msc, upate Disk Management. Ninasisitiza kuandika majina haya badala ya kutafuta kwenye menyu kwa sababu Kigoma tunaletewa kompyuta kutoka Bujumbura na Uvira zenye Windows ya Kifaransa. Menyu zote zitakuwa na maneno mengine, lakini devmgmt.msc ni ileile. Angalia tu kibodi: nyingi za Kifaransa zina A mahali pa Q, na nukta inataka Shift.

Umechomeka, kimya kabisa

Hakuna mlio, hakuna kinachotikisika kwenye Device Manager. Hapa jina halijaanza hata kutungwa, basi usiguse herufi wala draiva ya diski. Anza na waya na poti. Poti ya USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampia 500, ya USB 3.0 miliampia 900. Eksteno yenye diski ya kuzunguka ikichomekwa kwenye poti ya mbele ya kompyuta kuukuu, kupitia hab (kigawanya poti) isiyo na umeme wake, itatoa mlio wa tiki-tiki na kukaa. Ihamishie poti ya nyuma, kwa waya mfupi.

Sababu nyingine inawasumbua wenye Windows 7, ambao bado wapo wengi japo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Windows 7 haikuja na draiva ya poti za USB 3.0, zile ambazo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Windows 8 ya 2012 ndiyo ya kwanza kuja nayo. Ukiweka Windows 7 mpya kwenye laptop, flashi itasoma poti nyeusi na kunyamaza poti ya buluu. Mteja ataapa kwamba poti zimeungua. Hazijaungua. Hii ni moja ya mara chache ambapo draiva inatafutwa kweli, na ni draiva ya poti, wala si ya flashi. Itafute kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa chipu ya poti.

Alama ya njano kwenye Device Manager

Bofya mara mbili kifaa chenye alama usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake hakuna draiva iliyowekwa. Kwa flashi ya kawaida ni nadra. Ukiiona, mara nyingi ni kisomeo cha kadi za memori ndani ya laptop. Namba 39 ni draiva iliyoharibika au faili lake limetoweka, labda baada ya antivirusi kusafisha kupita kiasi. Namba 43 inasema kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu: jaribu poti nyingine, kompyuta nyingine, na kikirudia popote uendapo, ni kifaa. Tena ukiona Disk Management inaionyesha diski lakini inaandika No Media, mdhibiti wa flashi, yaani chipu inayoiongoza, yuko hai ila memori imekatika naye. Hakuna draiva duniani itakayoifufua, na ni vizuri kumwambia mteja hivyo mapema kuliko kumweka hadi jioni.

Namba 19 inahitaji uangalifu. Hutokea sana kwa visomeo vya sidii na DVD baada ya mtu kuondoa programu ya kuchoma sidii. Programu ile ilijipachika kama kichujio kati ya draiva na kifaa, ikaondoka bila kujipachua. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista ambamo Windows hutunza mipangilio yake, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class, tafuta ufunguo unaoanza na {4D36E965, ambao ni wa visomeo vya sidii. Uhifadhi kwanza kwa File kisha Export, ndipo ufute UpperFilters na LowerFilters, uwashe upya. Sasa sikiliza: ufunguo wa jirani, {4D36E967, ni wa diski zote, pamoja na ile iliyobeba Windows. Nao una UpperFilters, na humo mna partmgr, yaani msimamizi wa patisheni. Ukifuta hiyo, kompyuta haitawaka. Tofauti ya 5 na 7 mwishoni imewagharimu watu siku nzima.

Kama kompyuta ni ya ofisi au ya maabara ya shule na kila flashi inakataliwa huku kipanya cha USB kinafanya kazi, angalia HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\USBSTOR. Thamani ya Start ikiwa 3 ni kawaida. Ikiwa 4, mtu ameizima makusudi. Muulize mwenye kompyuta kabla ya kuirudisha. Ofisi nyingi hufunga flashi kwa sababu ya virusi na siri za kazi, na fundi aliyeitwa kurekebisha printa hana ruhusa ya kufungua mlango huo.

Disk Management inaiona, This PC haiioni

Hapa ndipo wanapofomati bure. Diski iko, patisheni iko, pengine hata lebo yake inaonekana; kilichokosekana ni herufi. Bofya kulia kwenye patisheni, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add. Mara nyingi kazi imekwisha.

Isipokwisha, au ikirudi kesho, uliza nani amekalia herufi. A na B ziliachiwa flopi, C ni ya Windows, na zinazofuata hugawiwa kadiri vitu vinavyojitokeza. Kwenye ofisi zenye seva, herufi F au G huwa imepewa folda ya mtandao. Windows inapoipa flashi herufi haitazami kila mara folda ya mtandao ya mtumiaji aliyeingia, hivyo vyote viwili vinapewa F na flashi inajificha nyuma ya seva. Windows XP ilikuwa na ugonjwa huu kupindukia. Dawa ni kupeleka folda za mtandao mwisho wa alfabeti, kuanzia Z kurudi nyuma, na kuziachia flashi herufi za mwanzo. Kompyuta za mezani zenye kisomeo cha kadi cha matundu manne nazo hula herufi nne hata matundu yakiwa matupu, ila kuanzia Windows 7 matundu matupu yanafichwa, ndiyo maana mtu anashangaa E hadi H zimeenda wapi.

Kwa eksteno kuna sababu ya tatu: kupachika diski mpya kumezimwa. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika diskpart, kisha automount. Itakuambia kama imewashwa. Kama haijawashwa, andika automount enable. Ukiwa humo diskpart, usicheze na amri ya clean, ambayo hufuta patisheni zote za diski. Namba za diski nazo si za kudumu. Disk 1 ya asubuhi inaweza kuwa Disk 2 mchana baada ya kuchomeka eksteno nyingine. Andika list disk kila mara na usome safu ya ukubwa. Flashi ya GB 16 na diski ya GB 500 hazifanani hata kwa aliyechoka.

Herufi inabadilika kila siku

Duka la dawa linahifadhi nakala ya mauzo kila jioni kwenye E:. Siku moja mtu anachomeka simu na flashi kwanza, eksteno inakuwa G:, programu inalalamika haioni E:, na hakuna anayegundua mpaka nakala inapohitajika. Tatizo hili halina mlio wala alama ya njano, ndiyo sababu naliona baya kuliko yote.

Windows hukumbuka herufi katika rejista, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices. Eksteno zilizopangwa kwa mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni) hukumbukwa kwa sahihi iliyoandikwa ndani ya diski yenyewe, basi ukiipa herufi ya mbali, tuseme R:, itaifuata hata ukibadili poti. Flashi hukumbukwa kwa jina lile refu la USBSTOR, na hapo kuna mtego. Flashi yenye namba yake halisi ya utambulisho itajulikana popote. Isiyo na namba, na za bei ya chini nyingi ziko hivyo, Windows huitungia namba kwa kufuata poti iliyochomekwa. Ukiihamisha poti, kwa Windows ni mgeni: inawekewa draiva upya, inapewa herufi nyingine.

Kuzitambua ni rahisi. Kwenye Device Manager fungua Disk drives, bofya kifaa, Details, chagua Device instance path. Tazama kipande cha mwisho baada ya mkwaju wa mwisho. Herufi yake ya pili ikiwa alama ya &, namba hiyo imetungwa na Windows. Flashi ya namna hiyo usiifanye ya nakala za duka. Kama hakuna nyingine, ichomekwe poti moja siku zote, na poti ibandikwe karatasi.

Kompyuta ya steshenari, inayopokea flashi za mji mzima, hujaza rejista kwa majina ya vifaa ambavyo havitarudi. Amri mountvol /R huondoa kumbukumbu za herufi za diski zisizokuwepo. Kwenye Device Manager, View kisha Show hidden devices, utaziona zimefifia, unaweza kuzifuta. Si lazima ufanye kila wiki. Fanya pale herufi zinapoanza kurukia mbali bila sababu.

Programu yoyote unayoiandika au kuipanga mwenyewe, iambie itafute diski kwa lebo, isitegemee herufi. Lebo ya diski ya FAT32 haizidi herufi 11: MITIHANI inaingia, NAKALAZADUKA haiingii. Amri ni label R: NAKALA, na umemaliza.

Disk Management inaandika Offline

Mtu amenakili diski nzima kwenda diski nyingine, kisha akazichomeka zote pamoja. Sahihi ya ndani ni moja, Windows inaziona kama mtu mmoja aliyekuja mara mbili, inamzuia wa pili mlangoni. Bofya kulia kwenye namba ya diski, chagua Online, na Windows itaiandikia sahihi mpya. Uangalifu mmoja: kama nakala hiyo ilikusudiwa kuwasha kompyuta, sahihi mpya inaweza kuizuia isiwake. Hiyo ichomekwe peke yake.

Inaomba ifomatiwe

Herufi imepatikana, majina yote yamekamilika, tatizo liko kwenye mfumo wa mafaili. Bonyeza Cancel. Kwanza jiulize diski imetoka wapi: iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa Mac au Linux itaombewa fomati na Windows ingawa ni nzima. Kadi za kamera zenye nafasi kubwa huja na mfumo wa exFAT, ambayo Windows XP haiijui bila nyongeza. Kama ilikuwa ikisoma jana kwenye kompyuta hiihii, basi imevunjika, pengine kwa kuchomolewa ikiandika au umeme kukatika. Toa mafaili kwanza kwa programu ya kuokoa data, ukiyaweka diski nyingine, ndipo uzungumzie chkdsk au fomati. Chkdsk hurekebisha mfumo, haikuahidi kulinda faili lako.

Flashi inayoonyesha njia za mkato (shortcut) tu ni virusi, wala si draiva. Baada ya kusafisha virusi, attrib -s -h -r /s /d E:\*.* hurudisha mafaili yaliyofichwa. Hakikisha herufi. Ukikosea ukaweka C, utafichua mafaili ya mfumo ambayo yamefichwa kwa sababu nzuri.

Kwa wanaotumia Linux

Majina ya Linux yanasema draiva iliyoyatoa. Sd ni draiva ya diski iliyorithiwa kutoka SCSI, mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, na USB hupitia humo, hivyo flashi ya kwanza kwenye laptop yenye diski moja ya SATA huwa sdb, na patisheni yake sdb1. Kisomeo cha sidii ni sr0, flopi fd0, kadi kwenye tundu la ndani mara nyingi mmcblk0. Zikifika sdz inafuata sdaa, ingawa Kigoma sijaona mwenye diski nyingi kiasi hicho.

Sdb ni zamu, si jina la kudumu. Aliyeandika /dev/sdb1 kwenye /etc/fstab (faili lenye orodha ya diski za kupachika) atakuja kulia siku kompyuta itakapowaka na flashi nyingine imechomekwa. Tumia lsblk -f uone UUID (namba ya utambulisho ya patisheni), kisha andika mstari kama huu:

UUID=1A2B-3C4D /mnt/nakala vfat nofail 0 0

Neno nofail ndilo linalookoa. Bila hilo, siku eksteno ikiachwa nyumbani, mashine yenye systemd (programu inayosimamia kuwaka kwa Linux) itasubiri sekunde 90 kisha ikuangushe kwenye hali ya dharura. Ukitaka majina yote ya diski moja, angalia ndani ya /dev/disk: by-uuid, by-label, by-id na by-path. By-path hufuata poti. Hiyo inafaa pale unapotaka poti fulani ifanye kazi fulani, si zaidi.

Eksteno inayojikata katikati ya kunakili mafaili makubwa, huku dmesg (kumbukumbu za matukio ya Linux) ikijaa maneno ya uas (draiva ya eksteno za kasi), jaribu kuirudisha kwenye draiva ya zamani kwa kuongeza usb-storage.quirks=xxxx:yyyy:u kwenye mstari wa kuwasha, ukiweka namba zake mbili kutoka lsusb. Kasi itapungua, kunakili kutafika mwisho.

Folda ya draiva ya fundi

Kila fundi ana eksteno yenye folda iitwayo Drivers, ndani yake New folder, New folder (2), setup.exe na setup(1).exe. Kwa mji ambao bando inauma na mteja anasubiri kwenye benchi, folda hiyo ndiyo duka lenyewe, basi ipangwe.

Usipange kwa jina la laptop. Aina moja ya laptop hutoka kiwandani na chipu tofauti. Panga kwa namba ya kifaa: Device Manager, Details, Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_5229. VEN_10EC ni Realtek, na hiyo ni chipu ya kisomeo cha kadi. Kwa vifaa vya USB utaona VID (namba ya mtengenezaji) na PID (namba ya bidhaa). 0781 ni SanDisk, 0951 ni Kingston. Folda yangu ingeitwa kadi_10EC_5229_W10_64. Aina ya kazi, mtengenezaji, chipu, Windows, biti. Biti usiziache: draiva ya 32 haiingii kwenye Windows ya 64 hata ukiibembeleza.

Ukitaka kuongeza tarehe, fungua faili la draiva lenye mwisho wa .inf kwa Notepad usome mstari wa DriverVer. Mwezi unatangulia siku, Kimarekani, kwa hiyo 03/07/2019 ni tarehe 7 Machi. Wewe andika mwaka kwanza, folda zitajipanga zenyewe. Na ukikuta draiva ya diski ina tarehe 21 Juni 2006, usikimbilie kuibadilisha eti imezeeka. Microsoft huzipa draiva zake tarehe hiyo makusudi, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ikiwekwa ionekane mpya zaidi na ichaguliwe. Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja hupenda sana kutisha watu kwa tarehe hii.

Kabla ya kupiga Windows upya kwenye mashine inayofanya kazi, vuna draiva zake. Kwenye Windows 10 na 11, tengeneza folda R:\Draiva\mashine1, kisha kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi andika:

pnputil /export-driver * R:\Draiva\mashine1

Ukimaliza kuweka Windows mpya, zirudishe:

pnputil /add-driver R:\Draiva\mashine1\*.inf /subdirs /install

Hakikisha tu eksteno bado ni R: upande wa pili, Windows mpya haina kumbukumbu ya herufi ulizogawa, na inawezekana imeiita D.

Ukiandika pnputil /enum-drivers utaona majina kama oem3.inf na oem12.inf. Hayo Windows imeyatoa kwa zamu ya kuwekwa kwenye mashine hiyo peke yake. Oem12 ya kompyuta ya mapokezi inaweza kuwa printa, oem12 ya kompyuta ya mhasibu ikawa kisomeo cha kadi. Kwa hiyo mwenzako akikuambia kwa simu kutoka Kibondo, "kaka, futa oem12 tu, mimi imenisaidia," msomee kwanza mstari wa Original Name wa kwako. Ukiridhika kuwa ndiyo yenyewe, pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall inaiondoa, na kifaa kikichomekwa tena kitachukua draiva inayofuata kwa kufaa, ambayo kwa flashi ni ileile ya 2006.